Kilo za Zulia

Hoja iliyo mezani: mwenye mizani ya nyumbani na zulia nene hana haja ya kuihamisha mizani yake, mradi ajipime palepale kila siku.

Naiweka hoja hivyo kwa makusudi. Ningeuliza tu mizani ikae wapi, tungemaliza mara moja: sakafu ngumu, tambarare, kavu. Kile kijikaratasi kinachokuja ndani ya boksi kinasema hivyo, nacho huishia kwenye ndoo ya taka pamoja na nailoni. Lakini hoja ya "palepale kila siku" inasemwa na watu wenye akili zao, na nusu yake ni kweli, ndiyo maana inastahili kubishaniwa.

Wasemaji wanne ni wa kubuni. Maneno yao nimeyaokota barazani, kliniki na kwenye vituo vya daladala vya Dar es Salaam, na sikuyapunguza makali. Mama Zuhura ana zulia la manyoya chumbani na anapunguza mwili. Bibi ni muuguzi mstaafu wa kliniki ya mama na mtoto. Fundi anatengeneza mizani za maduka. Kijana anazunguka mitaani na mizani, fimbo ya kupimia urefu na spika inayorudia maneno yaleyale kutwa.

MAMA ZUHURA: Mimi sijipimi ili nitangazwe redioni. Nataka kujua nimeshuka au nimepanda, basi. Kama zulia linanipunja kilo mbili leo, litanipunja mbili kesho na mbili kesho kutwa. Nikitoka 84 nikafika 81, zile tatu ni zangu hata kama namba zote mbili si za kweli. Sasa kila alfajiri niibebe mizani kwenda nayo sebuleni, nikatafute nini?

FUNDI: Shemeji, kwanza nikuulize. Mizani yako ni ya mshale au ya betri?

MAMA ZUHURA: Ya betri, hizi za kioo. Ya mshale ninayo pia, aliiacha mama mkwe. Ipo juu ya kabati.

FUNDI: Iteremshe. Ziweke zote mbili kwenye hilo zulia ujipime. Ya betri itakupunguza, ya mshale itakuongeza. Halafu uniambie wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Hapa wasikilizaji wengi huguna, kwa sababu kila mtu amezoea kuamini kwamba kitu laini kinameza uzito. Kwa nini basi mizani mbili zilizokaa pamoja zipotoke kwa kupeana mgongo? Nampa Fundi nafasi ndefu, maana hili ndilo jiwe la mjadala wote.

FUNDI: Fungua tumbo la ile ya mshale. Utakuta nyenzo nne za bati, mbili ndefu na mbili fupi. Kila wenzo umeegemea karibu na kona ya sanduku la chini. Ukipanda, uzito wako unaukandamiza wenzo jirani kabisa na pale ulipoegemea, na ncha yake ya mbali inavuta springi. Springi ikivutika, inazungusha ile sahani yenye namba. Siri nzima ipo kwenye nafasi ndogo kati ya egemeo na pale unapokandamiza. Ni milimita za kuhesabu. Nafasi hiyo ikipungua kwa moja ya kumi, na kilo zako zinapungua kwa moja ya kumi.

MAMA ZUHURA: Na zulia linaifikiaje nafasi hiyo, wakati iko ndani ya bati?

FUNDI: Kwenye saruji, sanduku limesimama kwa miguu yake tu, katikati ni hewa. Ukipanda, bati linapinda. Hulioni kwa macho, lakini linapinda, na maegemeo yanainamia ndani. Nafasi inapungua. Kiwandani wanalijua hilo, wameisawazisha mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu na huko kupinda kumeshahesabiwa. Sasa wewe unaiweka kwenye manyoya. Miguu inazama, tumbo la bati linakalia zulia, linashikiliwa kote. Halipindi tena kama walivyotarajia. Nafasi inabaki kubwa, springi inavutwa kupita kiasi, na mama mkwe anakuongezea kilo.

Fundi hakulitoa hewani. Mwaka 2002 jarida la New Scientist la Uingereza liliandika juu ya majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Cambridge na mwanafizikia David MacKay na wenzake, waliokuta mizani za namna hiyo zikimwongezea mtu takribani asilimia 10 juu ya zulia nene. Mtu wa kilo 70 anagonga 77 na hajala kitu. MacKay, aliyefariki mwaka 2016, anajulikana zaidi kwa vitabu vyake vya nishati na nadharia ya habari. Nafurahi kwamba mtu wa kiwango hicho aliona mizani ya bafuni si kitu kidogo.

FUNDI: Ya betri ni ukoo mwingine. Haina nyenzo hizo. Kila mguu una kipande cha chuma kilichobandikwa kihisi, wavu wa waya mwembamba kuliko unywele. Chuma kikipinda, waya unanyooka na umeme unapita kwa taabu zaidi. Mizani inajumlisha miguu minne na kukupa namba. Maana yake inajua kile tu kilichopita miguuni. Sasa angalia miguu yenyewe ilivyo mifupi, halafu angalia manyoya ya zulia lako. Ukipanda, tumbo la mizani linalala kwenye manyoya, na zulia linakubeba kwa mlango wa nyuma. Kilo zilizopita huko hazina wa kuzihesabu.

Kihisi hicho kilibuniwa Marekani mwaka 1938, na watu wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake.

MAMA ZUHURA: Nimekuelewa, fundi, na umenisaidia kuliko ulivyodhani. Ya betri inanipunguza. Vizuri. Inanipunguza kila siku. Hoja yangu haijaguswa.

Ana haki. Mpaka hapo Fundi ameeleza kwa nini namba si sahihi. Hajaeleza kwa nini kosa lisibaki lilelile. Na kosa lisilobadilika, kweli, halimdhuru anayetafuta tofauti tu. Saa iliyo mbele kwa dakika tano zilezile siku zote haimchelewishi mtu aliyekwisha kuizoea.

BIBI: Mwanangu, hebu niambie. Mjukuu wako wa kilo 12 akipanda kwenye mizani yako hapo zuliani, tumbo la mizani linagusa manyoya?

MAMA ZUHURA: Nadhani haligusi. Ni mwepesi.

BIBI: Basi yeye anapimwa sawa. Na wewe wa 84?

MAMA ZUHURA: Mimi linazama.

BIBI: Kwa hiyo zulia halina kiwango kimoja. Linachukua kwa mzito, linamwachia mwepesi. Sasa tuseme ulipokuwa 84 lilikuwa linakuficha mbili, mizani ikasema 82. Ukajitesa, ukaacha maandazi, ukafika 76. Sasa mizani imeinuka kidogo, zulia haliigusi, inasema 76 kweli. Umepoteza kilo nane, daftari lako linasema sita.

MAMA ZUHURA: Zulia limeniibia mbili!

BIBI: Na siku ukianza kuongezeka litakuficha tena, uchelewe kushtuka.

FUNDI: Na hilo zulia lenyewe halikai vilevile. Pale unapokanyaga ukitoka kitandani manyoya yameshalala. Sogeza mizani kidogo kuelekea ukutani, umefika kwenye manyoya mabichi. Lifue, lianike juani, yote yanasimama upya. Wewe unaita mahali palepale. Mizani inaona mahali tofauti kila mwezi.

Kwa maoni yangu hoja ya "palepale kila siku" ilivunjikia hapo, kwenye mjukuu wa kilo 12. Ila Mama Zuhura hakubali kushindwa kwa mfano wa kutunga, naye ana sababu: hizo kilo mbili za Bibi ni za "tuseme". Anataka aone kwa macho yake. Ndipo Kijana anapoingia.

KIJANA: Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Mimi hata siwezi kubishana, napima tu. Kila asubuhi kabla sijatoka nachukua dumu la lita 20, najaza maji, naliweka juu ya mizani. Ikisoma 20 natoka. Maji lita moja ni kilo moja, si ndiyo?

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu.

FUNDI: Ndiyo, karibu na hiyo. Lakini dumu lako ukilijaza mpaka mdomoni linachukua zaidi ya lita 20, na plastiki yenyewe ina uzito. Ukipata 20 kamili kwenye dumu lililofurika, ujue mizani inapunja. Halafu kuna la pili. Umemsikia Bibi? Kilo 20 hazizamishi mizani. Dumu litasoma sawa zuliani na sawa kwenye kigae, utasema zulia halina neno, na mteja wa kilo 90 atapunjwa vilevile.

KIJANA: Sasa nipime kwa nini?

FUNDI: Kwa mtu. Na si lazima ujue kilo zake za kweli. Apande kwenye kigae, aandike. Apande zuliani, aandike. Arudi kwenye kigae. Kigae cha kwanza na cha pili vikikubaliana, basi tofauti iliyobaki ni ya zulia. Vikikataana, tatizo ni la mizani au betri, zulia lisisingiziwe.

MAMA ZUHURA: Hilo nililifanya! Nilipanda mara tatu mfululizo, mara tatu ikanipa namba moja mpaka nukta.

FUNDI: Baadhi ya mizani za siku hizi zina ujanja, shemeji. Ukipanda tena baada ya muda mfupi na tofauti ni ndogo, inakurudishia namba ya mwanzo ili usione inayumba ukaacha kuiamini. Katikati ya vipimo panda umebeba mchele kilo tano, ili isahau. Na kila ukiihamisha, iguse kwa mguu, iwake, subiri isome sifuri, ndiyo upande.

Huo ujanja wa mizani kukariri unanikera kuliko zulia. Zulia halina nia. Aliyeandika programu hiyo alikuwa na nia.

MAMA ZUHURA: Sawa, kwenye mambo ya namba mmenishinda. Lakini bado ni kilo mbili tatu za mtu mzima anayejipunguza kwa hiari yake. Mizani ya muuza nyama Wakala wa Vipimo wanakuja kuikagua na kuibandika stika, kwa sababu pale kuna pesa ya mtu. Chumbani kwangu kuna haki ya nani?

BIBI: Ya mtoto mwenye malaria. Dawa mseto ya ALu tunaitoa kwa kilo. Kuanzia 5 mpaka chini ya 15, kidonge kimoja kila mara. Kuanzia 15 mpaka chini ya 25, viwili. Mara mbili kwa siku, siku tatu. Ukiniletea mtoto wa 15.3 ukaniambia "nimempima nyumbani, ana 14.5", nami nikakuamini kwa sababu siku hiyo mizani yangu haina betri, umemkata nusu ya dawa.

MAMA ZUHURA: Bibi, samahani. Umesema mwenyewe mtoto ni mwepesi, hazamishi mizani. Sasa amepimwaje vibaya?

BIBI: Umenishika vizuri. Lakini mtoto mwenye homa hasimami kwenye mizani. Analia, anakung'ang'ania shingoni. Unafanyaje? Unajipima wewe, kisha unampakata unajipima naye, unatoa. Wewe 62, wewe na mtoto ni 77 na kitu. Zile kilo 15 za juu ndizo zinazoisukuma mizani kwenye manyoya. Kosa lote la zulia linamwangukia mtoto. Wewe wa 62 hutalihisi. Yeye wa 15 limemvusha mstari.

Nakiri sikuwahi kuisikia hoja hii ikisemwa na mtu asiye muuguzi, na sijapata jibu lake. Kutoa namba kubwa mbili ili upate ndogo ni hatari hata kwenye saruji, kwa kuwa kila moja inakuja na kosa lake. Ndiyo sababu zile mizani za kliniki zinazotumika kupima mama na mtoto zina kitufe cha kurudisha sifuri: mama anapanda, mizani inamfuta, anakabidhiwa mtoto, namba inayobaki ni ya mtoto peke yake. Hata hivyo kitufe hicho hakikwepi zulia. Mama na mtoto bado wanaikandamiza mizani kwa pamoja.

BIBI: Na wagonjwa wa moyo. Madaktari wa moyo wa Ulaya wanawaambia wajipime kila siku, na uzito ukiruka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu watoe taarifa, kwa sababu huenda ni maji yanajaa mwilini. Kilo mbili! Sogeza mizani kutoka zuliani kwenda kwenye kigae, umetengeneza mgonjwa wa dharura. Irudishe zuliani, umemficha mgonjwa wa kweli.

KIJANA: Na pale tunapochangia damu, si wanataka mtu awe na kilo 50? Nimeona hema limesimamishwa uwanjani, mizani ipo kwenye nyasi.

BIBI: Na mvua imenyesha jana. Mimi niliwahi kuwafukuza watu na hema lao mpaka kwenye veranda ya shule. Waliniona nina kiburi.

MAMA ZUHURA: Mkeka je? Maana nyumba nyingi huku hazina manyoya, zina mkeka au ule mpira wa sakafu.

FUNDI: Mkeka wa ukindu juu ya saruji haunisumbui. Haubonyei kiasi cha kugusa tumbo la mizani. Mpira mwembamba vilevile. Naogopa vitu vitatu: manyoya, godoro la sponji chini ya zulia, na mchanga.

KIJANA: Mchanga ndio ofisi yangu.

FUNDI: Ndiyo maana nakuona na ubao.

KIJANA: Plaiwudi ya milimita 18, nimeikata ipite mizani pande zote. Nilianza na nyembamba, ikawa inabonyea katikati. Hii nzito ukiipiga na mkono inalia kama mlango. Naitandika, naangalia haichezi, ndiyo naweka mizani. Ila kusema kweli kuna wateja wanapenda nikiwa mchangani bila ubao. Wale dada wa mazoezi, namba ikishuka wananiongezea mia mbili.

BIBI: Na wakati wetu mtu akipungua tulimwuliza anaumwa nini.

Ubao unatosha? Wengi husema ndiyo na kufunga mada. Mimi nasema unatosha kwa mchanga ulioshindiliwa na zulia la kawaida, kwa sababu unaiondoa mizani kwenye manyoya na kuipa sakafu yake ndogo. Juu ya sponji ubao wenyewe unainama upande uliokanyagwa kwanza, na mtu anayeyumba hapimiki kwa mizani yoyote. Fundi na mimi tulitofautiana hapa, na yeye anadai ubao mpana zaidi humaliza tatizo. Labda, lakini nani atalala na mlango chini ya kitanda?

MAMA ZUHURA: Basi niipeleke bafuni. Si ndiyo jina lake, mizani ya bafuni?

FUNDI: Bafu za kwetu zina mwinamo kuelekea kwenye tundu la maji. Weka pima maji uone, povu halikai katikati.

MAMA ZUHURA: Kwa hiyo hapo napo ninapunjwa?

FUNDI: Kwa mwinamo wenyewe, hapana. Sentimita mbili kwa kila mita ni kama digrii moja. Mtu wa kilo 70 anapoteza gramu 14, kama kijiko kikubwa cha sukari. Tatizo ni vigae vidogo: mguu mmoja wa mizani unaangukia kwenye mfereji wa kati, mizani inacheza kama meza ya mgahawa. Na maji. Ya betri ikinywa maji hainirudii, na kioo kikilowa utateleza.

KIJANA: Fundi, kuna mtu aliniambia mizani za Ulaya haziwezi kusoma sawa huku kwetu kwa sababu tupo karibu na ikweta.

FUNDI: Ana hoja, ila ndogo. Mvutano wa dunia London ni 9.81, hapa ni 9.78. Mizani iliyosawazishwa kule ikaletwa Dar bila kurekebishwa itampunja mtu wa kilo 70 gramu 200 na ushei. Ukishaiweka juu ya manyoya, hiyo ikweta haitaonekana kabisa.

MAMA ZUHURA: Kwa hiyo ni koridoni. Vigae vikubwa, pakavu, tambarare. Na hapo ndipo shemeji zangu wanapopita kwenda kuswali alfajiri, mimi nimesimama na khanga moja juu ya mizani.

BIBI: Jipime wakishatoka, kabla hujanywa chai. Saa ileile, ukiwa umetoka msalani, na nguo ileile. Hiyo sehemu ya hoja yako naiunga mkono, na usiiache.

MAMA ZUHURA: Na daftari? Nimeandika tangu Ramadhani iliyopita.

FUNDI: Usilichane. Jipime siku moja kote kuwili, zuliani na koridoni, uandike zote mbili kwenye mstari mmoja ujue zulia lilikuwa linachukua ngapi kwa uzito ulionao leo. Halafu geuza ukurasa. Namba za zamani usizitoe kwenye mpya, maana hujui ulipokuwa na 84 lilikuwa linachukua ngapi.

MAMA ZUHURA: Na ile ya mama mkwe?

FUNDI: Niletee Jumamosi nitazame springi. Kuifungua na kuisawazisha elfu kumi.

MAMA ZUHURA: Elfu kumi? Mpya ya betri Kariakoo ni ngapi?